Kutoka Upare hadi Ol Doinyo Lengai: safari ya kuyasoma madini ya miamba

Jumamosi, Same

Jiwe la kwanza tumelipasua kabla jua halijakolea, korongoni chini ya milima ya Upare Kusini. Kwa nje lilikuwa la kijivu lenye kutu. Kwa ndani likaonyesha mabaka meusi na meupe, na kila mahali weusi ulipogusana na weupe palikuwa na utepe mwekundu, mwembamba kuliko ukucha. Mjomba, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani, alililowanisha kwa mate akaligeuza juani.

"Ganeti hii, mama. Ila ndogo mno, haina soko."

"Usiitazame kwa bei, Mjomba. Tazama ilipokaa."

Imekaa mpakani tu. Weusi ni piroksini, weupe ni plajioklasi, ambayo ni aina ya feldispa. Huikuti ganeti katikati ya baka jeusi wala katikati ya baka jeupe. Imeota pale tu majirani hawa wawili walipogusana, kwa sababu kila mmoja alitoa chake: piroksini ilitoa chuma na magnesiamu, plajioklasi ikatoa kalsiamu na aluminiamu. Badiliko lilianza, likaendelea kidogo, kisha likakwama. Limekwama hivyo kwa zaidi ya miaka milioni 600.

Nafundisha kemia ya madini kwa vijana wanaoweza kuiandika fomula ya ganeti bila kutazama daftari, lakini wengi hawajawahi kulishika jiwe lenyewe. Ndiyo maana nimeomba kibali cha kukusanya sampuli, nikamwomba Mjomba anisindikize. Na kama ningelazimika kufundisha kwa jiwe moja tu, ningechagua hili la Same.

Kila madini yana kiasi cha nishati ambacho wanakemia hukiita nishati huru ya Gibbs. Josiah Willard Gibbs alikuwa Mmarekani, na hesabu zake alizichapisha katika miaka ya 1870. Hesabu hiyo hupima mambo mawili yanayovutana: jinsi atomu zilivyoshikana, na wingi wa namna ambazo atomu hizo zinaweza kujipanga na kutikisika, yaani entropi. Joto likipanda, entropi hupata uzito zaidi. Mgandamizo ukipanda, wanaoshinda ni wale wanaochukua nafasi ndogo. Kundi la madini lenye jumla ndogo kabisa ya nishati huru ndilo lililotulia. Yaliyobaki yote yana sababu ya kubadilika, ingawa huenda yakakosa uwezo.

Miamba ya Upare iliwahi kufika joto la takriban nyuzi 800 za Sentigredi, kina cha karibu kilomita 35, wakati mabara ya kale yalipogongana na kuinua milima ambayo mizizi yake tunaiita leo Ukanda wa Msumbiji. Katika joto lile piroksini na plajioklasi zilikaa pamoja bila shida. Kisha mwamba ukapoa ungali kule kule chini, mgandamizo ukiwa bado mkubwa. Ganeti ni nzito, atomu zake zimebanana, na baada ya joto kushuka hesabu ikageuka kwa upande wake. Lakini ili ganeti iote, atomu za chuma na kalsiamu lazima zitembee ndani ya fuwele ngumu, moja baada ya nyingine, na mwendo huo hutegemea joto kuliko kitu kingine chochote. Mwamba ulipozidi kupoa, mwendo ukasimama. Hadi leo piroksini na plajioklasi hizi zinakaa pamoja mahali ambapo kwa hesabu hazistahili, kwa sababu tu hazina joto la kuzisogeza.

Hilo ndilo ninalolifuata safari hii: madini yaliyotulia, yasiyotulia, na muda unaopita kati ya hali hizo mbili. Hapa Same muda huo ni mamia ya mamilioni ya miaka. Mwisho wa barabara, Ol Doinyo Lengai, ni saa chache.

Jumapili, Same hadi Mwanga

Usiku Mjomba ameniuliza kwa nini piroksini hupasuka kwa pembe karibu mraba na ile nyeusi nyingine, amfiboli, hupasuka kwa ulalo. Swali zuri, na jibu lake ni la maumbo.

Silikoni katika karibu miamba yote ya ganda la dunia huzungukwa na oksijeni nne. Fikiria mafiga matatu jikoni, kisha figa la nne limewekwa juu yake, na silikoni imejificha katikati, pale moto unapokaa. Tofauti kati ya jamii za madini ya silikati ni jinsi mafungu haya yanavyoshikana. Katika ganeti na olivini kila fungu liko peke yake, yameunganishwa na chuma, magnesiamu na wenzao. Katika piroksini mafungu hushikana mikono kuwa mnyororo mmoja mrefu. Amfiboli ni minyororo miwili iliyoungana ubavu kwa ubavu. Ulanga ni tabaka zima. Kwatzi na feldispa ni jengo lililoshikana pande zote, kila oksijeni ikitumikia mafungu mawili.

Jiwe likipigwa nyundo, halikati mnyororo. Hupita kando yake. Mnyororo wa piroksini ni mwembamba, kwa hiyo ufa unaozunguka kando yake hutoka na pembe ya nyuzi 87 hivi. Mnyororo wa amfiboli ni mpana maradufu, na pembe inalala hadi nyuzi 124. Mjomba amezitofautisha kwa jicho miaka yote bila kuambiwa sababu, na aliposikia sababu alikaa kimya, akatoa lenzi yake ya mkono, akarudi kwenye vipande vyetu kuhakikisha mwenyewe.

Asubuhi tumeokota kianiti kwenye mchanga wa kijito, kipande cha buluu iliyofifia. Upande wa pili wa mpaka, Murka katika nchi ya Wataita, kianiti iliwahi kuchimbwa kwa ajili ya matofali ya matanuri. Fomula yake ni Al₂SiO₅, na fomula hiyo hiyo ni ya madini mengine mawili, andalusiti na silimaniti. Vitu ni vile vile, mpangilio ndio tofauti. Nusu ya aluminiamu katika zote tatu imezungukwa na oksijeni sita. Nusu ya pili ndiyo inayohama: katika silimaniti ina oksijeni nne, katika andalusiti tano, katika kianiti sita. Kianiti kwa hiyo ndiyo iliyobanana zaidi, uzito wa karibu gramu 3.6 kwa sentimita ya ujazo, ilhali andalusiti haizidi sana 3.1. Mgandamizo huipenda kianiti, joto huipenda silimaniti, na andalusiti hukaa pale ambapo mgandamizo ni mdogo.

Kuna hali moja tu ya joto na mgandamizo ambapo zote tatu zinaweza kutulia pamoja, na hali hiyo iligombaniwa kwa miaka mingi. Mwaka 1969 maabara moja ilitoa jibu la nyuzi 622. Mwaka 1971 mtafiti Holdaway akatoa nyuzi 501. Watu makini, vifaa vizuri, pengo la nyuzi 120! Sababu ni kwamba tofauti ya nishati kati ya ndugu hawa watatu ni ndogo mno. Joto la kuiunda kila moja kutoka kwenye elementi zake linakaribia kilojuli 2,590 kwa moli, na yote yanayoamua nani atulie hayafiki kilojuli 10. Kuipima tofauti hiyo, wanakemia huyayusha punje za madini ndani ya borati ya risasi iliyoyeyuka, kwenye nyuzi 700 hivi, na kurekodi joto linaloingia au kutoka. Nasema hivi kwa heshima kubwa: watu walitumia maisha yao kwenye kazi hiyo ili sisi leo tuokote kianiti kijitoni na kusema, hapa paliwahi kuwa na kina.

Mchana tumepita Mwanga. Ugweno, juu kule, wahunzi wa Kipare walikuwa wakiosha mchanga mweusi wa mito kupata madini ya chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivuba. Mchanga huo umetoka kwenye miamba hii hii, magnetiti ikibaki baada ya feldispa kuoza kuwa udongo. Mkaa uliochomwa kwa hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, nayo huinyang'anya magnetiti oksijeni yake. Nishati huru ile ile, ikitumiwa na watu walioijua kwa mikono.

Jumatatu, Machame

Mvua. Tumefanya kazi muda mfupi tu, kwenye bonde la mto upande wa kusini wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, lakini tulichokipata kinastahili.

Mto umeshusha mawe ya lava ya kijivu yenye fuwele kubwa za feldispa, nyingine ndefu kama kidole gumba, zenye umbo la msambamba. Miamba hii ilimwagika miaka laki kadhaa iliyopita. Feldispa yake ina sodiamu na potasiamu zilizochanganyika ndani ya fuwele moja. Ayoni ya potasiamu ni kubwa kuliko ya sodiamu kwa karibu theluthi moja, na kuziweka katika vyumba vile vile vya jengo moja ni kulilazimisha jengo. Katika joto la volkeno jambo hilo linawezekana kwa sababu mchanganyiko una entropi kubwa, na entropi hushinda. Joto likishuka chini ya nyuzi 700 hivi, ushindi huo hupungua, na sodiamu na potasiamu hutaka kutengana.

Feldispa ya Kibo haikupata nafasi ya kutengana vya kutosha hata jicho lione. Ilipoa haraka. Lakini kipande cha Upare nilichokibeba kwenye begi kina feldispa ya jamii hiyo hiyo, na chini ya lenzi inaonekana imejaa michirizi, tabaka la sodiamu, tabaka la potasiamu, moja baada ya jingine. Ilipoa polepole mno kule chini, ikapata wakati wa kuachana. Nimeviweka vipande viwili pamoja kwenye meza ya nyumba ya wageni. Mhudumu aliyeleta chai ameviona, akauliza tunauza shilingi ngapi.

"Haviuzwi, dada," Mjomba akamjibu. "Hivi ni vya kusomea."

Nimefurahi kumsikia akisema hivyo.

Jumanne, Mirerani

Tumeingia kwa lango la ukuta. Ukuta huo, wenye urefu wa kilomita 24.5, ulizinduliwa Aprili 2018 kuzuia magendo ya tanzanaiti, na tangu hapo kila anayeingia na kutoka hukaguliwa. Mjomba anajua njia zote za enzi ya kabla ya ukuta. Vijana wa sasa wanamsalimia "shikamoo mzee" na yeye anawauliza mgodi upi, kina gani, mwamba umegeuka wapi. Wanaapolo hawa, ndivyo wachimbaji wa hapa wanavyoitwa, wana lugha yao ya mwamba, na mengi wanayoyasema yanapatana na ninayoyasoma.

Kwa mfano wanafuata kinywe. Ukiingia shimoni unatoka umepakaa weusi mwili mzima, maana gnaisi ya Mirerani, mwamba wa mistari uliopikwa na kubanwa ardhini, imejaa kinywe, kaboni tupu. Kaboni hiyo ilikuwa viumbe wadogo waliokufa na kuzama katika matope ya bahari ya kale. Matope yale yalibeba metali iitwayo vanadiamu, kwa kuwa vanadiamu hupenda kukaa na mabaki ya viumbe. Baadaye matope yakafukiwa, yakapikwa, yakawa gnaisi, na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa yakaihamisha vanadiamu hadi kwenye zoisiti. Hiyo ndiyo tanzanaiti: zoisiti, Ca₂Al₃Si₃O₁₂(OH), ambamo vanadiamu kidogo sana imekaa kwenye viti vya aluminiamu. Ina umri wa takriban miaka milioni 585. Watu waliigundua mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina hilo mwaka 1968.

Umbo la zoisiti linanipendeza kuliko madini mengine yote ya safari hii. Lina mafungu ya silikoni yaliyo peke yake na pia mafungu yaliyoshikana mawili mawili, ndani ya fuwele moja, na yote yameegemea minyororo ya aluminiamu. Kwa kuwa mpangilio huo hautoi picha moja ukiutazama kutoka pande tofauti, mwanga nao hupita kwa rangi tofauti. Kipande ambacho hakijachomwa, ukikizungusha, kinatoa buluu, zambarau, na rangi ya tatu iliyo kati ya kahawia na kijani.

Mjomba aliwahi kuwa mchomaji wa tanzanaiti. Ameeleza kazi yake vizuri kuliko makala yoyote niliyosoma.

"Unapandisha pole pole, mama. Ukikimbilia, jiwe linalia."

"Linalia vipi?"

"Linapasuka. Unasikia tik. Basi pesa imekwenda."

Joto la kuchoma ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi. Linaondoa ile rangi ya kahawia na kuacha buluu na zambarau. Zoisiti yenyewe haivunjiki, na hapa niliwasimamisha vijana wawili waliokuwa wakisikiliza, maana hili ni jambo la kustaajabisha kweli. Zoisiti ina maji ndani yake, yamefungwa kama hidroksidi. Ikipata joto la kutosha na muda wa kutosha, inapaswa kuvunjika na kuwa feldispa ya kalsiamu, ganeti ya kijani, korundumu na mvuke. Saa chache za tanuri la Mirerani hazitoshi kuvunja jengo, ila zinatosha kusogeza elektroni zinazotoa rangi. Mchomaji anaishi kwenye pengo hilo: joto la kubadili rangi, chini ya joto la kubomoa fuwele.

Kijana mmoja akauliza, "Na almasi je, mwalimu? Wanasema nayo ni kinywe."

Ni kaboni ile ile, ndiyo. Almasi ya Mwadui, ambako John Williamson aliigundua mwaka 1940, iliundwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 100, ambako mgandamizo unaipa almasi nafasi ya kutulia. Hapa juu kinywe ndicho kilichotulia. Almasi iliyo kwenye pete ya mtu haikutulia hata kidogo kwa hesabu za Gibbs, lakini kuvunja viungo vyake kunahitaji nishati ambayo joto la chumba halina, kwa hiyo haitageuka. Kijana alicheka, akasema basi almasi haistahili bei yake. Nikamwambia bei yake inatokana na kukwama huko.

Tumeona pia ganeti ya kijani kwenye meza za madalali, ile ambayo upande wa Kenya iliitwa tsavoraiti mwaka 1974 kutokana na Tsavo. Kalsiamu na aluminiamu, na vanadiamu tena. Kinywe, vanadiamu, kijani na buluu: mwamba mmoja.

Jumatano, Lashaine

Kilima kidogo karibu na Monduli, ng'ombe wanapita, hakuna bango. Wapitao barabarani hawajui kwamba hapa kuna mawe yaliyotoka chini ya ganda la dunia.

Volkeno ya Lashaine ilirusha majivu, na ndani ya majivu kuna mabonge ya mviringo ya mwamba mwingine kabisa, peridotiti. Nimelipasua moja lililokwisha kuanguka. Kijani cha olivini, piroksini mbili, moja ya kijani kikali na nyingine ya kahawia, na ganeti za rangi ya divai. Mjomba alishika kichwa. Alizoea ganeti kwenye gnaisi, si kwenye mwamba wa kijani mtupu.

Huu ni mwamba wa mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Chini ya kina cha kilomita 60 hadi 80 hivi, mwamba wa namna hii huhifadhi aluminiamu yake kwenye ganeti. Juu ya hapo huihifadhi kwenye madini mengine, spineli, na juu kabisa kwenye plajioklasi. Kwa hiyo kuona ganeti tu kumekwisha kutupa kina cha chini kabisa. Piroksini mbili zinatupa zaidi. Moja inapenda kalsiamu, nyingine haiipendi, lakini kadiri joto linavyopanda zinavumiliana na kuazimana. Ukipima kalsiamu iliyopenya kwenye piroksini isiyoipenda, unapata joto. Ukipima aluminiamu iliyomo kwenye piroksini hiyo hiyo iliyokaa jirani na ganeti, unapata mgandamizo, kwa kuwa mgandamizo mkubwa huirudisha aluminiamu kwenye ganeti. Kipimo kimoja cha mwali wa elektroni juu ya punje nyembamba kuliko unywele, na mwamba wa Monduli unajitaja: zaidi ya kilomita 100 chini, zaidi ya nyuzi 1,000.

Tena ulipanda haraka. Mawe mazito hivi yangezama ndani ya magma kama ingejikokota. Ganeti nyingi za mabonge ya namna hii zina gamba jeusi pembeni, mwanzo wa kuvunjika mgandamizo ulipopungua, lakini moyo wake ni mzima. Linganisha na jiwe la Same. Kule ganeti ilikuwa inaanza kuota ikakwama. Hapa ilikuwa inaanza kufa ikakwama.

Neno moja kuhusu olivini, kwa ajili ya wanafunzi wangu. Magnesiamu na chuma hubadilishana nafasi ndani yake bila kikomo. Olivini ya magnesiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,890. Ya chuma tupu, 1,205. Mantili ikiyeyuka kidogo, chuma hutangulia kwenye kimiminika na magnesiamu hubaki. Olivini ya Lashaine ina magnesiamu nyingi mno, zaidi ya tisa kati ya kumi ya nafasi hizo. Mantili ya hapa iliwahi kuyeyuka na kukamuliwa zamani sana.

Alhamisi, Longido

Tumepita tu. Rubi za Mundarara ziko ndani ya zoisiti ya kijani yenye amfiboli nyeusi, mwamba mzuri sana ambao wachongaji hutengenezea vinyago. Jambo la kulitazama ni kile ambacho hakipo: kwatzi. Rubi ni korundumu, Al₂O₃, na korundumu haitulii na kwatzi; zikikutana kwenye joto la kutosha huungana na kuwa kianiti au ndugu zake. Mahali penye rubi pamekosa silika, yaani silikoni na oksijeni zinazounda kwatzi. Nimemwambia Mjomba kwamba mtafutaji wa rubi anayefuata mshipa wa kwatzi anapoteza mafuta ya gari. Akasema wazee walilijua hilo.

Ijumaa, Engare Sero

Barabara ya Gelai ni vumbi na mawe hadi jioni. Kisha Ziwa Natron likafunguka chini, jekundu na jeupe, na joto likatupiga usoni.

"Takwenya," nimemsalimia mama aliyekaa na shanga zake kwenye kivuli.

"Iko," akaitika, akatusogezea kigoda.

Utando mweupe wa ziwa ni trona, magadi yale yale tunayotia kwenye maharage. Chemchemi za moto na mito inayopita kwenye miamba ya volkeno huleta sodiamu, bonde halina njia ya kutolea maji, jua linakausha. Kalsiamu hutangulia kutoka kama chokaa, na kinachobaki majini ni sodiamu na kaboneti, mpaka vinapozidi na kuganda. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hapa karibu wote, kwa kuwa wanyama wachache wanathubutu kuwafuata kwenye maji makali hivi. Kaskazini, Ziwa Magadi la Kenya, trona imechimbwa kibiashara kwa zaidi ya karne.

Mlima uko nyuma yetu, mrefu, wa kijivu, mtupu. Mjomba ameutazama muda mrefu akasema magoti yake yatabaki kambini.

Jumamosi na Jumapili, Ol Doinyo Lengai

Tumeanza kupanda usiku ili joto lisitukute ubavuni, mimi na kijana wa Kimaasai anayeongoza wageni. Majivu yaliyogandamana, mteremko mkali, hakuna mti. Alfajiri tulikuwa ukingoni.

Lava ya hapa haina mwenzake duniani leo. Basalti, lava ya kawaida, hutoka kwenye nyuzi 1,100 au zaidi. Lava ya Lengai hupimwa kati ya nyuzi 500 na 600. Silika ndani yake haifiki asilimia moja. Mafungu yale manne manne niliyomweleza Mjomba Same hayapo kabisa. Badala yake kuna kaboneti, kaboni moja na oksijeni tatu bapa, zikiwa na sodiamu, kalsiamu na potasiamu. Kwa kuwa hakuna minyororo wala majengo ya silika ya kuikaza, lava inatiririka kwa wepesi wa ajabu, na mchana haing'ai, inaonekana nyeusi. Mwaka 1960 mwanajiolojia J. B. Dawson alifika kreta na kuthibitisha kwamba ni kaboneti ya sodiamu inayotiririka, akachapisha mwaka 1962.

Inawezaje kuyeyuka kwenye joto dogo hivyo? Kaboneti ya sodiamu pekee huyeyuka kwenye nyuzi 850 hivi. Kaboneti ya kalsiamu katika hewa ya kawaida haifiki hata kuyeyuka; hutoa gesi yake na kubaki chokaa, kama tanuri lolote la chokaa la pwani linavyoonyesha. Ukizichanganya, ukaongeza potasiamu, klorini na florini, kimiminika kinapata entropi ambayo fuwele zilizotengana hazina, na kiwango cha kuyeyuka kinaanguka. Ile kanuni iliyochanganya sodiamu na potasiamu kwenye feldispa ya Kibo ndiyo inayoweka lava hii hai.

Mlipuko wa 2007 na 2008 ulibomoa kreta iliyokuwa imejaa na kuacha shimo lenye kuta wima. Tangu hapo lava imekuwa ikitoka chini. Tumetazama kutoka juu tu. Sakafuni kulikuwa na mabaka meusi, mengine ya kijivu, mengine meupe, na hiyo ni saa ya madini: jeusi ni la karibuni, jeupe ni la zamani. Fuwele kubwa za lava hii ni nyerereiti, Na₂Ca(CO₃)₂, iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriti, iliyopewa jina la John Walter Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa. Zimetulia kwenye joto na ukavu. Zikikutana na unyevu wa hewa hazina ukaidi wa almasi wala wa ganeti ya Same. Nyerereiti huchukua maji na kugeuka pirsoniti. Gregoriti huyeyuka na kuacha matundu. Trona na chumvi nyingine hutoka juu. Weupe huanza ndani ya saa chache, na katika siku chache sura ya lava imekwisha badilika. Mvua moja inatosha kuondoa mengi.

Kijana wa Kimaasai akaniambia bibi yake alisema mlima unatapika magadi. Nikamwambia bibi yake yuko sahihi kikemia.

Nimewaza sana pale ukingoni kuhusu miamba ya zamani. Kabonatiti, yaani miamba ya volkeno iliyojaa kaboneti, nyingi zinazojulikana duniani ni za kalsiamu na zimekuwepo kwa mamilioni ya miaka. Je, baadhi yake zilikuwa na sodiamu kama hii, ikaoshwa? Wengine wanasema ndiyo, wengine wanaiona Lengai kuwa jambo la pekee. Mimi naelekea upande wa kwanza, baada ya kuona kwa macho jinsi ushahidi unavyopotea upesi.

Vipande vyetu, vilivyookotwa ukingoni chini ya ganda jeupe la lava ngumu ambako unyevu haujafika vizuri, tumevifunga papo hapo kwenye mitungi isiyopitisha hewa pamoja na punje za kukausha unyevu. Kambini Mjomba ameviandikia lebo kwa mwandiko wake wa polepole, akauliza kwa nini jiwe la Same limesafiri kwenye gunia na haya kwenye mtungi.

"La Same lilishakwama, Mjomba, maana halina joto. Haya bado yana pa kwenda, na maji ndiyo mlango."

"Basi huko maabara wasiyaoshe."

Ndivyo hasa. Vipande vyembamba vya kutazamia kwa hadubini hukatwa na kusuguliwa kwa maji, na maji yangeitafuna nyerereiti kabla hatujaiona. Tulipofika Mto wa Mbu, mtandao uliporudi, nimempigia simu fundi wa maabara. Atakata kwa mafuta.